Mwaka Tuliohamisha Baraza

Nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu husema napanda mori kwanza, halafu ndiyo nauliza kumetokea nini. Kwa hiyo msomaji asishangae kwamba habari za mkubwa niliyemheshimu kuliko wote niliowahi kufanya kazi chini yao nazianza na siku aliyoniudhi.

Mimi ni naibu chifu katika mteremko mmoja wa Meru, pale kahawa inapoishia na majani chai yanapoanza. Nilizaliwa hapo, na mama yangu anaishi hapo hadi leo. Mkubwa huyo alikuwa afisa aliyeletwa kusimamia usalama na maandalizi ya majanga katika eneo letu lote. Alikuwa mzaliwa wa Embu, mfupi, msemaji wa sauti ya chini, na nyuma ya gari lake hamkukosa gambuti, kamba ndefu na chupa kubwa ya chai. Sote tulimwita Madam. Kimeru chake kilikuwa cha kuchekesha, nacho Kiembu changu hakikuwa bora, basi tulikutana katikati kwa Kiswahili.

Wiki aliyofika nilidhani ni wale maafisa wa semina, wanaokuja na makaratasi na kuondoka na picha. Madam hakupiga picha hata moja. Aliniomba nimtembeze mteremko wote kwa miguu, kutoka shule ya msingi iliyo kileleni hadi kiwanda cha kahawa kilicho chini, kando ya mto. Tulitembea kutwa nzima. Kila baada ya hatua chache alikuwa akiinama kutazama ardhi, na katika shamba la jirani yetu mmoja akasimama muda mrefu kwenye ufa uliopita katikati ya migomba. Ufa huo mimi nilikuwa nikiuruka tangu mvua za mwaka uliotangulia bila kuuwazia lolote. Madam aliingiza mkono wake ndani mpaka kiwiko.

Akaniuliza ni nyumba ngapi zilizo chini ya ufa ule. Nikamwonyesha kwa kidole. Nyumba ya mama yangu ilikuwa ya nne kutoka chini, karibu kabisa na kiwanda. Aliandika kitu kwenye daftari lake na kulifunga. Akaniambia kwamba siku mlima huu utakapochoka, hautatuma barua, na kwamba kazi yetu sisi wawili ni kuhakikisha siku hiyo watu hawa wako juu, wala si chini. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Polepole, kwa vipande vya mazungumzo garini na vikombe vya chai kando ya barabara, nilikuja kujua alikotoka. Kazi aliianzia Maua, akiwa bado msichana mbichi kutoka chuoni. Wenzake waliona magari ya miraa yanayokimbilia Nairobi kabla ya alfajiri kuwa ni kero tu, na kazi ikawa ni kukimbizana na madereva. Yeye aliwakaripia vilevile kwa mwendo wao wa kasi, lakini akawauliza pia ni daraja gani limechimbika na ni wapi udongo umeteremka barabarani. Hakuna aliyejua hali ya barabara kuliko watu wale, na hakuna aliyekuwa amewahi kuwauliza. Kabla mwaka haujaisha, walikuwa wakimpigia simu wenyewe.

Baadaye alipelekwa Gachoka, huko Mbeere, ambako mito hukauka hata watu wakaifanya njia. Hatari yake ni kwamba mvua hunyesha juu kwenye milima ya Embu, na maji yakafika kule chini jua likiwaka na mbingu ni safi kabisa. Madam alitafuta walimu wa upande wa juu na wenye maduka wa upande wa chini, akawaunganisha kwa majina na kwa simu. Mwalimu akiona mto umebadilika rangi, mwenye duka anajua, na watoto wa shule hawavuki. Hakukuwa na mtambo wowote. Alipohamishiwa Kiirua alishughulika na wizi wa mifugo na moto wa nyasi, na jambo moja tu la huko ndilo alilojivunia mbele yangu. Alijua kila shamba lenye trekta na tangi la maji, na alimjua mtu anayeshika ufunguo wa kila trekta.

Nilimpenda kwa hayo. Nilimpenda mpaka siku ya zoezi.

Mpango ulikuwa rahisi. Nikipuliza filimbi mara tatu na kuita kwa kipaza sauti, kila mtu anaacha alichoshika na kupanda hadi uwanja wa shule kileleni. Tulikuwa tumewaeleza watu wiki moja kabla, na walikuwa wameitikia kwa vichwa na kupiga makofi. Madam akapanda shuleni mapema na saa yake mkononi. Nami nikapuliza, nikaita jinsi ninavyoita siku zote.

Watu wangu wakasikia sauti ya chifu. Nao wanajua maana ya sauti ya chifu tangu enzi za babu zao. Wakaingia nyumbani kuosha miguu na kubadilisha nguo. Kina mama wakafunga vilemba safi. Wengine wakachukua vitambulisho, wakidhani huenda tunaandikisha watu wa mbolea. Kisha wote, bila kumsahau mlemavu wala mzee, wakateremka hadi uwanja wa kiwanda cha kahawa, mahali pa baraza, palepale ambapo mlima ukianguka ndipo utakapotua.

Nilipofika nikihema nilikuta viti vya plastiki vya wageni vimepangwa mstari wa mbele. Mama yangu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake karibu na mizani ya kahawa, mahali ambapo amekaa katika kila baraza tangu niwe na akili. Katekista alikuwa amesimama, kofia mkononi, akiomba Mungu abariki kikao. Alipomaliza alinigeukia na kuniomba, kwa adabu kubwa, nitambulishe wageni.

Nilitamani ardhi inimeze. Kule juu, Madam alikuwa amesimama na walimu wawili, akitutazama sote tulivyojikusanya kwa utaratibu mzuri mahali pa kufia. Alishuka taratibu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akajitambulisha, akawashukuru watu kwa kuja kwa wingi, akawaaga. Hakumwaibisha mtu. Mimi nilikuwa nimeshaandaa matusi ya kijiji kizima.

Tulipoingia garini nilianza kuwasema watu wangu, kwamba ni vichwa vigumu, kwamba hawafundishiki. Akaniacha nimwage yote. Halafu akasema, "Chifu, watu wako wametii kuliko watu wowote nimewahi kuona. Umewaita, wakaja pale huwa unawaita. Shida si wao. Shida ni venue."

Wiki iliyofuata alihamisha baraza.

Hakutangaza kwa kishindo. Alisema tu kwamba kuanzia sasa kila kitu cha serikali kitafanyika uwanja wa shule, kule juu. Fomu za basari za wanafunzi, chanjo ya mbuzi, kuandikisha wazee, mbegu za msimu, hata kesi ndogondogo za mipaka ya mashamba, vyote juu. Sababu aliieleza wazi mbele ya watu wote, akautaja ule ufa. Hakuna anayependa kuambiwa kwamba shamba la baba yake linaondoka, na huo mteremko ndio mali pekee tuliyo nayo.

Mimi ndiye niliyeumia zaidi. Uwanja ule wa kiwanda ndipo nilipoapishwa. Baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kijiji, alisimama palepale akisuluhisha watu kwa miaka yake yote. Na shule ile ya juu imepakana na kanisa la wenzetu wa dhehebu lingine, kwa hiyo waumini wetu walianza kuninong'oneza kwamba nimeuza kijiji. Zaidi ya yote, mama yangu hakuweza kupanda. Magoti yake yalikwisha zamani. Baraza la kwanza kule juu lilipofanyika, alikaa nyumbani peke yake na kigoda chake, akasikia kipaza sauti kwa mbali. Jioni nilipompitia hakunilaumu. Aliniuliza tu kumesemwa nini, na hilo likanichoma kuliko lawama.

Basi nikaandika barua. Niliiandika kwa hasira na nikaipeleka kwa mkubwa wake, juu ya kichwa chake. Nilisema kwamba afisa huyu ni mgeni asiyejua mila za watu, kwamba anawatisha wananchi kwa habari za mlima kuanguka, kwamba amegawanya makanisa. Nikaongeza, karibu na mwisho, kwamba amewafungia wazee nje ya baraza, kwa mfano mama yangu mzazi, ambaye hawezi kupanda. Niliomba baraza lirudishwe kiwandani, au yeye arudishwe kwao.

Nilisikia kwamba aliitwa kujieleza. Nilisikia pia kwamba alikaa nje ya ofisi hiyo asubuhi nzima kabla ya kuingizwa, na kwamba kuna waliotaka ahamishwe ili kelele ziishe. Nami nikasubiri. Sikujivunia, lakini sikufuta neno.

Hakuhamishwa, na baraza halikurudi chini. Siku ya baraza lililofuata, gari lake lilisimama karibu na nyumba ya mama yangu likiwa na kiti juu ya keria. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mikono, kizito cha kutosha, na fundi alikuwa amekipigilia fito mbili ndefu ubavuni. Madam aliongea na vijana wawili wa kiwandani, wanaume wenye mabega ya kubeba magunia ya kahawa, kisha akaingia ndani kumwamkia mama yangu. Sijui walisemezana nini kwa Kiembu na Kimeru. Nilichoona ni mama yangu akitoka amefunga leso yake mpya, akikaa kwenye kiti, na kuinuliwa.

Alilalamika njia nzima. Alisema kiti kinayumba, kwamba anapelekwa kama maiti, kwamba mguu mmoja wa kiti ni mfupi. Alipofika juu watu walisimama kumpisha. Baraza lililofuata aliwakaripia wale vijana kwa kuchelewa kumjia. Katika la tatu alikuwa ameshachagua mahali pake, chini ya dirisha la darasa la nne, na katekista akakataa kuomba mpaka kiti kifike. Ikawa desturi. Kabla ya mwaka kwisha kulikuwa na viti vingine vitatu vya wazee, kila kimoja na wabebaji wake wanaojulikana, na hakuna kikao kilichofunguliwa bila viti kufika. Wabebaji wale walianza kutaniana kuhusu nani ana mwendo mzuri.

Nilidhani Madam alifanya hivyo ili kunifunga mdomo. Nilijisemea kwamba amenunua upole wa mama yangu kwa kiti, na moyo wangu ukabaki na kidonda. Lakini nilimwona akifanya kazi, mwezi baada ya mwezi, na ilikuwa vigumu kumchukia. Mvua ikinyesha alikuwa akija kupima ufa kwa kijiti alichokikata mwenyewe. Aliwaweka wazee wetu wa vijiji kwenye kikundi kimoja cha WhatsApp, na asiyekuwa na simu ya kisasa alipangiwa jirani wa kumsomea. Hakuwahi kuniinulia sauti.

Kisha akafikia umri wa kustaafu. Tulimwandalia chakula kule juu shuleni, mukimo na nyama ya mbuzi, na akina mama wakamfunga leso juu ya leso hata akafanana na mtu aliyejeruhiwa. Akiwa anaelekea garini aliniita kando.

"Chifu," akasema, "ile barua yako niliisoma yote. Mambo mengi mle ulikuwa umekasirika tu. Lakini kuhusu mama ulikuwa na haki kabisa. Mimi nilikuwa nimewasahau wazee. Kama hukuandika, singeleta kiti."

Alinishika bega, akaingia garini, akarudi kwao Embu kwenye kahawa na kuku wake. Sikumwomba msamaha. Nilijiambia nitampigia simu, halafu siku zikapita, na kila siku iliyopita iliifanya simu ile kuwa nzito zaidi.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuja na nguvu ambayo hata wazee hawakuizoea. Zilinyesha siku tano bila kupumzika. Siku ya sita niliitwa mkutanoni mjini Meru, nikaenda kwa shingo upande. Nilikuwa bado kwenye kiti cha ukumbi asubuhi ile simu ilipolia. Alikuwa mmoja wa wazee wangu wa kijiji. Alisema kijiti cha Madam kimezama ndani ya ufa na hakionekani. Nilimwambia awatoe watu. Simu ikakatika, na sikumpata tena.

Nilipanda pikipiki. Daraja letu la chini lilikuwa limeshachukuliwa, kwa hiyo nikasimama ng'ambo ya mto, nikitazama mteremko wetu kupitia mvua. Niliiona nyumba ya mama yangu, moshi hautoki. Niliuona uwanja wa kiwanda. Kisha nikasikia ngurumo iliyotoka ardhini, na mteremko ukateremka. Ulianza pale kwenye migomba, ukachukua kahawa, ukachukua nyumba, ukafika kwa mama, ukaendelea. Kiwanda kilisimama kidogo tu, halafu paa likageuka na kumezwa. Nilipiga kelele, lakini mimi mwenyewe sikujisikia.

Sikumbuki vizuri njia niliyopita. Nilizunguka kwa juu, kupitia kwenye majani chai, kwa miguu, nikianguka na kuinuka, nikiongea peke yangu. Nilimwomba Mungu vitu ambavyo sitaviandika hapa. Nilipotokea nyuma ya shule nilisikia wimbo.

Walikuwa wamejaa kwenye varanda za madarasa, watu wangu wote, wameloa chapachapa. Wengine walikuwa na vitambulisho mkononi. Mzee yule wa kijiji alinieleza baadaye kwamba hakuwa na muda wa kuwashawishi, wala hakutaka kuzua mkanyagano. Hakutaja mlima hata kidogo. Alichukua kipaza sauti akatangaza kwamba kuna baraza la dharura. Basi wakapanda, kama walivyopanda mwaka mzima, wakinung'unika kuhusu serikali isiyojua mvua. Wabebaji waliwaendea wazee wao bila kuambiwa, kwa sababu bila viti hakuna kikao. Walikuwa wameshafika na katekista ameshafumba macho waliposikia ngurumo nyuma yao.

Tulipoteza ng'ombe wa nyumba mbili, na mashamba, na nyumba ambazo watu walijenga kwa jasho la maisha. Yapo machungu katika hayo ambayo hayajaisha. Watu hatukupoteza hata mmoja.

Mama yangu alikuwa chini ya dirisha la darasa la nne, kwenye kiti chake, amefunikwa gunia. Aliyatazama matope yangu kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia kwamba nimechelewa na kwamba watu wanangoja kufunguliwa kikao. Nilipiga magoti, nikaweka kichwa changu kwenye mapaja yake mbele ya watu wote, nikalia. Hakunikemea. Alinifuta matope kwenye sikio kwa leso yake.

Niliposimama niligeuka nikatazama chini. Pale palipokuwa na uwanja wa kiwanda palikuwa na udongo mwekundu tu. Mizani haikuwepo, wala mahali pa kigoda. Ndipo hesabu ilipokaa sawa kichwani mwangu. Mzee wa kijiji aliwaita watu kwenye baraza, nao wakaenda mahali pa baraza. Kama barua yangu ingesikilizwa, mahali hapo pangekuwa pale chini, na wangefika wote kwa wakati, wasafi, wamekaa mstari kwa mstari, na mama yangu mbele yao.

Mtandao ulipatikana kwenye kona ya nyuma ya shule, karibu na tangi. Nikapiga simu Embu. Alipokea upesi, kwa sababu naye alikuwa akisikiliza mvua. Nikamwambia mlima umeshuka. Upande wa pili nikasikia kuku wake.

Hakuuliza kiwanda. Hakuuliza ni nyumba ngapi. Aliuliza, "Kiti kimefika?"

"Kimefika, Madam," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kusema na lile jambo la barua, mwaka mzima nilikuwa nimejiandaa, lakini kila nilipofungua mdomo nikajikuta nikimwambia lilelile, kwamba kimefika, kimefika.